Mlingoti wa Redio na Mashine ya Mtani

Naikumbuka Jumamosi moja ya enzi za Mwingereza, mwanangu, nimekaa juu ya paa la mama yangu pale Ng'ambo, Tabora, waya mkononi, jua la jioni machoni, na mtaa mzima unanitazama. Nilikuwa kijana, fundi seremala, suruali yangu imenyooshwa kwa pasi ya mkaa, na nilikuwa na redio ya betri. Maskini akipata matako hulia mbwata. Ungeniona siku hizo ungedhani Tabora niliijenga mimi.

Lakini redio ile haikuwa ya mbwembwe tu, ingawa mbwembwe zilikuwepo, nisikufiche. Dada yangu Agnesi alikuwa Dar es Salaam akisomea uuguzi, na mvua za misimu miwili zilikuwa zimepita mama hajamwona. Wiki ile msafiri mmoja alishuka kwenye treni akatuletea habari kwamba kwaya ya wauguzi, Agnesi akiwemo, itaimba redioni Jumamosi jua likizama. Mama aliposikia aliinuka pale pale. Aliitoa kanga yake ya Pasaka sandukuni akaitundika ukutani, iingoje hiyo Jumamosi.

Sasa taabu ilikuwa hii. Kila jioni tulipofungua redio tulisikia kwa mbali mtu anazungumza, na juu yake krrr, krrr, kama kuna mtu anakaanga bisi ndani ya sanduku. Rafiki yangu Seifu, ambaye baba yake alikuwa na duka sokoni, akaleta waya wa shaba. Tukakata mti mrefu mwembamba, tukausimamisha, na juu yake tukafunga shingo ya chupa ili waya usigusane na mti. Waya tukauvuta kuelekea mashariki, maana Tabora kila kitu kilitujia kutoka upande huo, tangu misafara ya zamani hadi treni, nasi tukaamini kwamba sauti nayo itashika njia hiyo hiyo. Krrr. Tukaunga mti wa pili juu ya ule wa kwanza. Krrr. Siku hizi nakuona nawe unapanda batini kuzungusha antena ya televisheni, unauliza "Sasa je?" na walio ndani wanakujibu "Bado!" Nacheka peke yangu, maana hayo nimeyapitia.

Nyuma ya nyumba yetu alikaa Mzee Kondo, Mzaramo aliyekuja na reli akabaki, mwenye mashine ya kusaga nafaka. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo. Na mtani, mwanangu, ana ruhusa ya kukutukana mbele ya mkweo, nawe ukacheka. Jumamosi ile aliponiona juu ya paa tena, alizima injini yake akaja mpaka uani kwetu, ili kejeli zake zinifikie vizuri.

"Wanyamwezi bwana! Mmechoka kubeba pembe, sasa mnabeba miti juu ya nyumba?"

Kabla sijamjibu, Seifu akapiga kelele kutoka ndani. "Imetulia! Imetulia kabisa, namsikia mtu anasoma habari!"

Niliteremka mbio. Sauti ilikuwa safi, utadhani msomaji amekaa kitandani kwa mama. Tukakumbatiana, tukausifu mlingoti wetu. Mzee Kondo alicheka mpaka akachoka, akarudi kwake, akawasha injini. Krrr.

Mimi na Seifu tukatazamana. Kumbe ile injini ya petroli, na cheche zake, karibu kabisa na ukuta wetu, ndiyo iliyokuwa ikitukaangia bisi. Kikulacho ki nguoni mwako. Sisi tulikodolea macho Dar es Salaam, na kelele ziko nyuma ya choo.

"Nenda kamwombe azime," mama alisema.

Nikaenda. Wanawake wa Ng'ambo na wengine wa mtaa wa Cheyo walikuwa wamepanga foleni na mahindi yao, na kwenye foleni hiyo alikuwemo binti mmoja niliyekuwa nikimwinda kwa macho tangu mavuno.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba, mpagazi wangu. Leo umeishiwa miti?"

Nikamweleza habari ya Agnesi. Alinisikiliza, akapangusa unga kwenye nyusi. "Nitazima," akasema. "Lakini mtani haombwi kwa mikono mitupu. Lile gunia la pumba libebe kichwani, uzunguke uwanja huu ukiimba kama walivyoimba babu zako njiani. Ukimaliza, nazima."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nikaitazama suruali yangu, nikamtazama yule binti, nikageuka nikarudi nyumbani. Nikamwambia mama kwamba siwezi, yule mzee anataka kuniaibisha mbele za watu.

Mama alikuwa ameshaivaa kanga yake, amekaa kando ya redio. Hakupandisha sauti.

"Babu yako alibeba pembe kutoka hapa mpaka pwani, akarudi kwa miguu yake, na ndipo wazee wakasema sasa huyu ni mwanaume, apewe mke. Wewe gunia la pumba limekushinda? Mimi sikukuomba mlingoti, mwanangu. Nilikuomba nimsikie Agnesi."

Nimefokewa na wengi maishani, lakini maneno yale yaliniingia. Niliona haya, na safari hii haya ya kweli. Jua lilikuwa limekaribia kugusa mapaa. Nilirudi mbio kwa Mzee Kondo, nikajitwisha gunia, nikaanza wimbo wa safari niliousikia kwa babu. Nusu ya maneno sikuyajua, nikayatunga. Pumba zilinimwagikia shingoni. Wanawake wakaitikia, na Mzee Kondo mwenyewe akashika fimbo akatangulia mbele kwa madaha, kama kirangozi anayeongoza msafara. Sijui ni wapi hasa nilipoanza kucheka, lakini nilipolitua gunia nilikuwa nacheka kuliko wote.

Akazima injini. Na kwa kuwa hakuna wa kusaga, foleni nzima ikahamia uani kwetu, yule binti akiwemo.

Kwaya ikaanza. Sauti zilikuwa nyingi, zimeshikana, na sisi tukawa tunatazamana, nani ni nani? Mama aliinamisha kichwa mpaka shavu likagusa redio. Mara akashtuka.

"Huyo! Huyo anayechelewa kuingia! Tangu akiwa mdogo kule kanisani, wenzake wameshaanza ndipo yeye aingie. Ndiye, ndiye mwanangu!"

Akalia, akacheka, vyote pamoja. Mzee Kondo alikuwa ameivua kofia yake. "Mnyamwezi kweli," akasema taratibu, "amechelewa njiani." Na macho yake mwenyewe hayakuwa makavu.

Basi nisikilize, mwanangu. Mlingoti mrefu ni kitu kizuri, wala sikukatazi kuuinua. Lakini jambo likikukwama, kabla ya kupanda juu zaidi, tazama kwanza ni nini kinachopiga kelele karibu yako. Ukikuta dawa iko kwa jirani, nenda ukaombe, na akikuwekea sharti la kucheka, timiza ucheke. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Heshima haiporomoki kwa gunia la pumba. Huporomoka pale mama yako anapongoja na wewe unalinda suruali.

Mungu akupe majirani wenye utani na moyo wa kuwaendea. Na popote watakapokuwa watoto wako, wawe mbali kiasi gani, akujalie uitambue sauti ya kila mmoja kati ya sauti elfu, hata ya yule anayechelewa kuingia.