Mlango Una Wenyewe

Fundi seremala mmoja alizoea kuchomeka penseli nyuma ya sikio, kisha akaisaka karakana nzima huku akiilaumu randa. Vidole vyake vilijaa sugu, lakini ubao aliupapasa kama anayempima mtoto homa. Mke na mume fulani walimlipa awatengenezee mlango wakiwa maarusi wapya, nyumba yenyewe hawana. Ukakaa kwake miaka sita. Kila Jumamosi aliufuta vumbi, na mteja akiukodolea macho, alimwahi kwa sauti yake ya mkwaruzo: "Huo una wenyewe."

Siku waliyokwenda kumwambia auuze tu, maana kodi ya chumba ilikuwa inawalia akiba yote na nyumba wameshaikatia tamaa, hakubishana. Aliusimamisha katikati ya maranda, akajibanza nyuma yake. "Bisha hodi, mwanangu."

Mke akacheka, akagonga. "Hodi!"

"Karibuni nyumbani," ikajibu ile sauti.

Hawakuuza. Leo mlango una nyumba yake, na fundi ametangulia mbele ya haki. Mgeni akibisha hodi, mke huchelewa kidogo kuitikia; humwachia fundi ajibu kwanza.