Ngata ya Shangazi Dorika

Mpira wa baiskeli ukianza kuungua popote hapa Bunia, wengine hugeuka kutazama pikipiki zao. Mimi husikia kwaya. Hiyo ndiyo harufu ya Pasaka yangu ya utotoni.

Baba alitunza ampli ya kanisa, mashine kongwe ya kukuza sauti, yenye lampi za kioo zilizowaka kama makaa. Kwa kuwa kwetu kitu cha heshima hakiwekwi chini, aliiweka juu ya sanduku la chuma la mama, ubavuni mwa spika. Lakini kila mara dada yake, Shangazi Dorika, alipopanda sauti ya juu, sanduku lilitetemeka, lampi zikatetemeka, na spika ikalia ngiiii hadi watoto wachanga wakaitikia.

Mwalimu wa kwaya alimsogeza nyuma, kisha mlangoni. Pasaka ilipokaribia akasema mashine isiponyamaza, solo ataimba mke wake. Shangazi alikuwa ameingoja solo hiyo tangu usichana.

“Yaya,” baba alimbembeleza dada yake mkubwa, “sauti yako iko na nguvu kupita mashine.”

“Basi funga mashine kinywa, si miye.”

Shemasi aliiombea. Baba aliikandamiza kwa jiwe la kusagia, ikalia zaidi. Mwishowe shangazi, akitoka sokoni na beseni la samaki wa Tchomia, alivua ngata yake ya kitenge kichwani na kuisukuma chini ya ampli. Kama ilituliza beseni, alisema, itatuliza na hiyo. Baba naye akavisha kila lampi pete ya mpira wa baiskeli.

Siku ya Pasaka mpira ulinuka, mashine ikatulia, na kwa mara ya kwanza kanisa zima likamsikia Shangazi Dorika vizuri. Wimbo ulipita huku, yeye akapita kule. Mwalimu alitazama viatu vyake. Mkewe alikohoa kwa furaha.

Jumapili iliyofuata, ngiiii ilirudi. Watu wakampa shangazi pole: ampli imemuharibia tena. Solo ikabaki yake. Nilipomwambia baba kwamba ngata haipo chini ya ampli, alijibu, “Nyamaza, mutoto. Nimemurudishia. Samaki haingoje muziki.”

Nikaamini. Miaka baadaye, chuo kikuu, mimi ambaye hadi leo siwezi kubadilisha fyuzi, nilimsikiliza profesa akieleza jinsi ya kuzuia mtetemo. Niliandika yote. Kisha kalamu ikasimama, nikacheka peke yangu darasani: baba alijua pia wakati wa kuuacha ulie.