Jino la Mama na Sahani ya Shangazi

Jino la mama liling'olewa kwa amani. Vita vilianza kwenye dirisha la kulipia.

"Mituele hailipi hii," akasema mjumbe wa mituele, bwana mmoja wa miwani. Mituele ni mfuko wa afya ambao familia yetu huuchangia bila kukosa. Lakini una sheria yake: mgonjwa apite kwanza kituo cha afya cha kwao, apewe karatasi ya kwenda hospitali. Asiye na karatasi hulipiwa tu ikiwa hali yake haiwezi kungoja. Sisi tulitoka Kabambare kwa pikipiki, taya la mama limevimba. Nani angekumbuka karatasi?

"Munasema iko irjansi, ugonjwa wa haraka," akaendelea yule bwana. " Lakini mulifika Kasongo asubui, hapa mukaingia saa tisa. Mutu wa irjansi anaendaka kutembea kwanza?"

Nilitaka kumjibu vibaya. Tulikuwa kwa shangazi, dada ya baba. Kwao huyo bwana sijui, lakini kwetu mke hapiti mlango wa wifi yake akaenda kwingine kwanza, hata kama kichwa chake amekibeba mkononi. Utaingia, utakaa, utanawa mikono. Mama alikaa mbele ya sahani ya sombe, majani ya muhogo, akishika shavu, akasema ameshiba.

Na hospitali haimwachii mgonjwa ambaye hajalipiwa. Jumamosi mdogo wangu alikuwa anaolewa Kabambare, na kwetu bibi harusi hatoki nyumbani mama yake hayupo. Niliogopa, sifichi. Mama alikuwa kwenye benchi, pamba mdomoni, machozi yakimtoka kimya kimya.

Ndipo shangazi akaingia. Nilidhani amekuja kutupa pole. Thubutu!

"Wifi! Ulikatala chakula yangu! Sombe ya mawese, na samaki, hata tonge moja! Nilikupa maji, ukayatema! Unasema mimi sijue kupika?"

Yule bwana akainua macho, akamwuliza shangazi. "Mama, hakukula kitu?"

"Atakula namna gani? Kinywa haifunguke! Anatetemeka mbele yangu, mwili moto kama sufuria, na anasema ameshiba. Ameshiba wapi? Uliza mutaa muzima aibu alinifanyia!"

Mtaa ulijua kweli. Alikuwa ameuzunguka wote akilalamika.

"Homa, na maji hayapite," akasema bwana wa miwani, sasa kwa upole. "Basi, hiyo iko irjansi." Akapiga muhuri.

Alhamdulillah! Nilicheka mpaka mlinzi akageuka kunitazama. Shangazi hakuona cha kuchekesha. Hasira yake ilikuwa bado mbichi.

Kesho yake, pikipiki zikitungoja, alituletea uji ndani ya termosi. Mama akanywa polepole, jicho kwa wifi yake, mpaka ukaisha. Shangazi akachungulia kikombe kuhakikisha, kisha akapanda pikipiki yake.

"Twende. Kule kwa arusi nani atapika?"

Mama hakuwa ametamka neno tangu jino litoke. Akafuta mdomo.

"Wewe, wifi."