Mshono wa Bi Mkubwa

Shangazi yangu ananuka dawa ya vidonda mpaka kwenye mtandio, na ukimwambia anakuangalia kana kwamba umemsifia marashi. Kazi yake ni kuuguza farasi waliopasuliwa tumbo. Daktari akishanyoosha utumbo uliojisokota na kushona, anakwenda zake. Anayebaki na mgonjwa ni shangazi. Ananawa mikono mpaka viwikoni, anachuchumaa ubavuni, anapapasa kutafuta joto na uvimbe, anasafisha kidonda kwa maji ya chumvi, kisha anakikausha kwa kukigusagusa na shashi. Kusugua ni mwiko. Siku moja nilijaribu kumsaidia, akanifukuza kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Mkanda mpana wa kufunga tumbo, ule unaozuia uvimbe na kukinga kidonda, hushonwa nyumbani na mumewe, fundi cherehani. Bwana huyu ana maringo na kazi yake, na ana haki. Nguo yake ukiitazama kwa nje huoni uzi uliochomoza. Ila farasi wenyewe anawaogopa kama nini. Alikuwa hajawahi kukanyaga bandani.

Basi akapasuliwa Bi Mkubwa, farasi jike mzee aliyefundisha nusu ya mtaa kupanda. Mwanzoni alipona vizuri. Halafu ncha ya mbele ya kidonda ikachubuka na kutoa majimaji, na kila akiguswa pale anainua mguu. Daktari alipapasa, akamgeukia shangazi.

"Mshono ukiachia, utumbo utatoka. Kwa umri huu simpasui tena, mama. Itabidi tumchome sindano ya kumlaza moja kwa moja, asiamke."

Shangazi akarudi nyumbani hana hamu hata ya chai. Nilikuwepo, namenya viazi.

"Una nini?" mumewe akamuuliza.

"Mshono unamtesa Bi Mkubwa. Naogopa utamuua."

Fundi akasimamisha cherehani. "Mshono wangu?"

Maskini, shangazi alikuwa anausema ule wa tumboni. Lakini alikuwa hoi, hakujibu, na kimya chake kikamchoma mzee wa watu kuliko sindano. Asubuhi tukamkuta mlangoni, tepu shingoni, mkasi mfukoni.

"Twende nikauone huo mshono unaoua."

Bandani alipita akijibanza ukutani, ila hasira ilimsukuma. Shangazi alipofungua mkanda, akaunyakua na kupitisha kidole upande wa ndani. Kikakwama. Pale alipounganisha vipande viwili, ili nje paonekane safi, pindo nene lote alilificha ndani, nalo likakaa juu ya ncha ya kidonda.

"Ni wangu kweli," akasema. "Nimewashonea wanaotazama. Anayevaa sikumfikiria."

Daktari, aliyekuwa amekuja kumkagua mgonjwa, akalinganisha pindo na chubuko. "Hata mimi nimekuwa nikiupita tu."

Mchana huohuo fundi akaleta mkanda mwingine, mapindo na nyuzi zote nje, kama shati lililovaliwa kinyume. Wahudumu walimcheka wakachoka. Hakuwajali, na tangu hapo akawa anakuja kila jioni kuchungulia, lakini kutoka mlangoni.

Chubuko likakauka. Hatimaye daktari akapitisha vidole tumboni mwanzo hadi mwisho, na Bi Mkubwa hakuinua mguu. Shangazi alikuwa ameshaanza kulia.

"Mshono umeshika," daktari akasema. "Safi kabisa."

"Asante," fundi akaitikia kutoka mlangoni.

Daktari, mwenye mshono wake, akamwachia sifa.