Kitambaa Juu ya Deki

Usiku ule nililala na harufu ya mpira uliopata moto vidoleni, kwani jioni nzima nilikuwa nimeikagua deki ya kaseti ya marehemu mke wangu, Bi Zainabu, bila kuubaini ugonjwa wake. Mjukuu wetu Rehema alikuwa anaolewa Jumamosi. Kabla ya kufariki, bibi yake alimrekodia nasaha katika kaseti moja tu, akaagiza isisikilizwe mpaka siku ya harusi. Na deki ile, ikishacheza upande mmoja, hupata moto na kuanza kutafuna utepe. Kanda mbili za majaribio zilikuwa zimekwisha kuliwa. Deki nyingine nilitafuta, sikuipata.

"Babu, watu wanasema kaseti ikilazwa kwenye friji hailiwi," Rehema aliniambia.

"Watu gani?"

"Watu tu, babu."

"Basi hao watu tu walete kanda zao nijaribie."

Alicheka kidogo, kisha akaificha kaseti ya bibi yake ndani ya kanga, kana kwamba mimi na deki tulikuwa kitu kimoja.

Ndotoni nilijikuta darasani, katika shule niliyofundisha fizikia maisha yangu yote. Deki iko juu ya meza ya mwalimu, nami naeleza kwa utaratibu: mota nimeipima, haina kasoro, mkanda wa kuzungushia haujalegea, kichwa cha kusomea nimekisafisha kwa spiriti. Madawati ni matupu, isipokuwa la mbele. Ameketi Bi Zainabu, anafuma uzi mweupe. Hakuwahi kuwa mwanafunzi wangu, na hata ndotoni halisahau hilo, kwani hanyooshi mkono.

"Umemaliza, Mwalimu?" ananiuliza. Aliniita hivyo pale tu nilipomchosha.

"Sababu sijaipata."

"Umeigusa juu, ikiwa inacheza?"

Nataka kumjibu kwamba nimegusa kila mahali, lakini ubao umekwisha kuwa dirisha la sebule yetu, na jua la alasiri limelala sakafuni. Amesimama mbele ya kabati. Anashika ncha za kitambaa alichokifuma mwenyewe, kile kinachoifunika deki kama vinavyofunikwa viti na televisheni katika nyumba ya watu wenye adabu. Tangu mazishi sijaruhusu mtu akihamishe. Mimi mwenyewe, kila nimalizapo ukaguzi, hukirudisha palepale, nikakinyoosha, ndipo nikawasha.

Anakikunja, anakiweka begani. Chini yake inatokea safu ya matundu madogo, niliyoyaona mara nyingi bila kujiuliza ni ya nini.

"Hiki nilikifuma kwa ajili ya vumbi," anasema. "Kila nilipowasha, nilikitoa. Wewe ulikuwa ukiingia, kaseti imeshaanza, hukuniona nikikitoa."

Naweka kiganja juu ya matundu. Hewa ya moto inatoka, kama pumzi ya mtu aliyefunikwa blanketi kwa muda mrefu. Nageuka nimweleze jinsi joto lile linavyolainisha kigurudumu cha mpira, kikanata, kikauvuta utepe ndani. Yeye yuko mlangoni tayari.

"Kitambaa changu umekiheshimu vya kutosha, Mwalimu," anasema, na sauti yake ina kicheko. "Sasa waache wanisikie."

Niliamka adhana ya alfajiri ikilia. Ndoto siiamini zaidi ya ninavyoyaamini maneno ya barazani; vyote viwili hupimwa. Baada ya swala nilikiondoa kitambaa, nikakipangusa kigurudumu utando wake wa kunata, nikaweka kanda ya tatu, nikaketi karibu, kiganja changu kikiwa juu ya matundu. Upande wa kwanza ukaisha, kisha wa pili. Bati la deki lilikuwa vuguvugu tu. Utepe ulitoka umenyooka, hauna hata mkunjo.

Nikamwita Rehema.

"Lete kaseti ya bibi yako."

"Umeitengenezaje, babu?"

"Nimeifunua."

Akaitazama deki ikiwa uchi, kisha akakitazama kitambaa kilichokunjwa mapajani mwangu, ambacho hajawahi kuniona nimekishika hivyo.

"Nani kakwambia?"

"Mwenye kitambaa," nikamjibu. "Na nimehakikisha."

Akaitoa kaseti kwenye kanga, akaiweka mkononi mwangu.