Mkono Juu ya Bwawa Lisilo na Maji

Sidonia hakuwa na mkataba.

Hakuwa na bima. Hakuwa na likizo ya ugonjwa, ya uzazi wala ya msiba. Hakuwa na kabati la nguo, alizitundika kwenye msumari nyuma ya chumba cha pampu. Hakuwa na mtu pale kazini wa kumwambia, "Leo kichwa changu hakiko sawa," na bado kesho akaikuta zamu yake.

Alichokuwa nacho ni filimbi. Na hiyo nayo ilikuwa na mwenyewe.

Mwenyewe ni mimi.

Naitwa Mzee Zablon. Wengi humu mnanijua kwa maandishi yangu ya kuhimiza watu wazima warudi shule. Nilijifunza kusoma nikiwa na ndevu, darasa la jioni kule Kongwa, na cheti cha kidato cha nne nilikipata nikiwa tayari naitwa babu. Kimetundikwa sebuleni kwangu, mgeni hakikosi.

Haya ya leo nayaandika bila kujisifu. Mtaona kwa nini.

Jumatatu ile tulikuwa tumekausha bwawa la kuogelea. Ni bustani ya starehe hapa hapa Dodoma, jina naliweka kapuni. Nilifika asubuhi kukagua usafi. Bwawa tupu, vigae vinawaka jua, ndege wanagombania kidimbwi kilichobaki kwenye kona.

Juu ya kile kiti kirefu cha mwokoaji amekaa Sidonia.

Kavaa sare. Na kwenye ratiba hakuwemo.

Akasimama. Akanyoosha mkono wa kulia juu kabisa, kama mwanafunzi anayejua jibu. Akageuka kuangalia meza yangu. Akaushusha mkono. Akakaa.

Kisha akasimama tena. Akanyoosha tena.

Khamisi, fundi wa pampu, alikuwa amesimama kando na ufagio.

"Umemwita?" nikamuuliza.

"Nimemwita mpaka koo limekauka. Kasema nisimsumbue, yuko kazini."

"Kazi gani? Bwawa halina maji!"

"Muulize wewe, msimamizi." Lile neno msimamizi alilivuta kidogo.

Nilipomsogelea, Sidonia alishuka, akapiga goti. "Shikamoo, Babu." Nikamwitikia marahaba. Akachukua begi lake akaondoka, kama mtu aliyemaliza zamu.

Nikasema moyoni, binti wa watu ndiyo basi tena.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Mwezi uliopita, Jumamosi, bwawa limejaa familia, mtoto wa kiume mwenye kaptula nyekundu alizama upande wa kina kirefu. Sidonia aliruka na sare yake, akamtoa. Akamgeuza, akambonyeza kifua, mtoto akatapika maji, akalia. Jioni ile ile hospitali ilimruhusu, mzima kabisa.

Watu walipiga makofi. Mama wa mtoto alimkumbatia Sidonia hadi wakaanguka wote wawili. Jikoni wakamletea chipsi na soda.

Soda ile hakuigusa. Alikaa nyuma ya chumba cha pampu anatetemeka, analia.

Nikamwambia, "Mtoto yuko hai, wewe unalia nini?"

Nilidhani nampa moyo.

Bosi mwenye bustani anaishi Dar. Alipiga simu, tukaiweka sauti kubwa mezani. Akauliza kwa nini mtoto alikaa chini ya maji muda wote ule wakati mwokoaji yupo kitini.

Sote tukamtazama Sidonia.

Sidonia akasema, "Nilipitiwa na usingizi, bosi."

Mungu anisamehe. Mimi nilishusha pumzi.

Bosi akasema atafikiria cha kumfanya. Mimi nikajitia huruma. Ratiba ya zamu huwa naituma kwenye grupu kila Jumapili jioni, na Jumapili ile nikaliacha jina lake nje ili apumzike. Wiki iliyofuata nikaliacha tena.

Sikumpigia kumwambia sababu. Kwetu sisi vibarua, asiyeona jina lake haulizi. Anajua tu.

Katika siku hizo ofisi ikaleta mshauri nasaha, mama mmoja mpole anaitwa Devota, akae chumba cha mikutano awasikilize wafanyakazi walioshtushwa na tukio. Akaingia mhasibu. Akaingia dada wa mapokezi, ambaye siku hiyo hata hakuwepo. Sisi tukaambiwa huduma ni ya wenye ajira ya kudumu.

Khamisi akacheka. "Wenye mkataba ndio wenye akili ya kuharibika. Zetu sisi chuma."

Tukacheka wote. Nami nilicheka.

Sasa baada ya ile Jumatatu ya bwawa tupu, Khamisi alinifuata mezani.

"Mzee, kwa heshima zote. Unajua yule binti anafanya nini pale juu, au unajitoa ufahamu?"

"Amechanganyikiwa, Khamisi."

"Haya." Akaokota ufagio wake. "Nenda kwao Mkonze ukamwambie hivyo."

Nikaenda.

Mama yake, Loisi, alinipokea uani. "Mbukwenyi, mzee," akanisalimu Kigogo, nami nikaitikia. Akaniwekea kigoda. Kabla sijauliza kitu akanionyesha ndoo zilizopangwa ukutani.

Zote zilikuwa nusu.

"Maji ya mgao, mzee wangu. Siku yakitoka watu wanajaza mpaka vijiko. Mimi najaza, huyu anakuja anamwaga nusu. Anasema hataki kuona chombo kimejaa. Anamwaga maji, Dodoma hii! Nimempiga maneno, nimemwombea, nimechoka."

Akanyanyuka kwenda jikoni. Mlangoni akageuka, sauti chini. "Usiku halali. Jana kaniambia bora angebaki yeye kule chini. Mzee, nina mtoto mmoja tu."



Sidonia akatoka, akaketi kwenye mkeka. Amekonda. Nikakohoa, nikaanza hotuba yangu niliyoipanga njiani.

"Mjukuu wangu, kusinzia kazini ni ubinadamu..."

"Babu, sikusinzia."

Akafungua viganja vyake mapajani.

"Nilimwona. Nilimwona anavyopeleka mikono hivi. Nikanyoosha mkono. Nikakutafuta mezani, hupo. Nikashusha. Nikanyoosha tena. Ndipo nikaruka." Alikuwa anatazama vidole vyake. "Kila siku narudia. Najaribu niruke bila kukutafuta. Mkono unaenda wenyewe, Babu. Mpaka bwawa likiwa tupu, unaenda."

Kuna jambo sikuwaambia tangu mwanzo.

Kabla ya tukio, mgeni mmoja mkubwa alilalamika kwamba filimbi zetu zinamkatisha usingizi kivulini. Nikataka kuonyesha kwamba napanga kazi kisomi. Nikatunga utaratibu: mwokoaji asipulize filimbi wala asishuke kitini bila kunyoosha mkono, mimi nitikise kichwa kukubali, ndipo afanye. Niliuandika kwenye karatasi ya manila kwa mwandiko wangu mzuri, nikaubandika. Na kwa siku kadhaa niliwafanyisha mazoezi kama kwaya. Mkono. Kichwa. Filimbi. Aliyekosea nilimkata zamu.

Jumamosi ile sikuwa mezani. Nilikuwa getini nawasimulia wageni kutoka nje, kwa Kiingereza changu cha darasa la jioni, historia ya mashamba ya karanga ya Kongwa. Walikuwa wakinisikiliza vizuri sana.

Jioni yake niliibandua ile karatasi. Hakuna aliyeniuliza.

"Kwa nini ulimdanganya bosi?" nikauliza.

"Angekufukuza."

"Mimi? Mimi ni msimamizi, kuna taratibu za..."

"Babu." Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Wewe ni kibarua kama sisi. Huna mkataba. Sote tunajua, hatukwambii tu, tunakuonea haya. Nikasema mimi ni kijana, nitapata kwingine. Wewe utapata wapi?"

Ndugu msomaji, nimewahi kutukanwa sokoni. Nimewahi kuchekwa darasani na watoto wa rika la wanangu. Hakuna kilichowahi kunivua nguo kama huruma ya binti yule.

"Halafu ulipolitoa jina langu," akaongeza, "nikajua na wewe umeamini kwamba ni mimi. Ningesema nimsimulie nani? Wote mlikuja kuniuliza mtoto anaendeleaje. Mtoto mzima, Babu. Mimi je?"

Nililia pale kwenye kigoda, mbele ya mama yake.

Nilipoweza kusema, nilimwambia kosa ni langu. Nilimwambia mara nyingi, maana mara ya kwanza hakulishika. Kisha nikampigia mama Devota pale pale, nikamweleza yote, ndoo na yale maneno ya jana. Hakuuliza habari za mkataba. Alikuja Mkonze kabla jua halijazama, wakakaa ndani wawili, mlango umerudishwa. Atakuja tena.

Sidonia hajapona. Jana Loisi ameniambia ndoo moja imelala imejaa. Moja tu.

Ninyi mnaosimamia watu wa zamu, kwenye mabwawa, viwanja na kumbi: likitokea la kutokea, msimwache nje ya ratiba mkaita huruma. Nendeni mkaketi naye, mumuulize yeye aliona nini. Na kabla hamjasema kichwa chake kimeharibika, tazameni nani alimfundisha mkono wake uende pale unapokwenda.

Leo asubuhi nimemwandikia bosi. Ningeweza kumtumia kwa simu, lakini nimetaka aone sahihi yangu. Nimemweleza utaratibu ulikuwa wa nani, nilikuwa wapi, na nani hakusinzia. Nimemwomba Sidonia arudishwe, na mshauri awe wa kila anayevaa sare, mwenye mkataba na asiye nao. Ile karatasi ya manila nimeikunja ndani.

Habari za kazi yangu sikuziandika. Aamue mwenyewe.

Nimelamba gundi, nimeibana bahasha kwa kiganja, nimebandika stempu. Pale posta mkono ulisita juu ya tundu la sanduku, na nikajikuta nageuza shingo, natafuta wa kunitikisia kichwa.

Hakuwepo. Nikaidumbukiza.