Stamena Amfundisha Garov Kucheza

Velimir alipata kiharusi mwezi wa nane, akiwa jikoni kwake anamenya viazi, na mtaa mzima ukajua kwamba hatawinda tena. Binti yake alikuja kutoka mji wa Niš akamchukua, akauza bunduki, akawaita wawindaji waje wachague mbwa. Wawili waliondoka siku ileile. Wa tatu alibaki kwenye mnyororo.

Huyo aliitwa Garov. Alikuwa mweusi, mwenye madoa ya kahawia juu ya macho, umri wa miaka minane. Mama yake alikuwa mbwa wa kuwinda wa ukoo unaojulikana. Baba yake alikuwa mbwa wa mchunga kondoo aliyeruka ua usiku mmoja. Chotara mzee hana wa kumtaka, na kwetu kila mtu anajua mbwa wa aina hiyo huishia wapi.

Stamena, mke wa marehemu kaka yake Velimir, alikwenda na kamba ya kuanikia nguo. Alimfungua mnyororo, akamvisha kamba shingoni, akateremka naye mtaani bila kumwomba mtu ruhusa. Baadaye nilimwuliza ni nini kilichomtuma. Alisema kamba ilikuwa mfukoni.

Wakati huo alikuwa na miaka sitini na mmoja, mjane asiye na mtoto. Miaka thelathini na moja alikaa kwenye kiwanda cha soksi, kwenye mashine ya kushona ncha za vidole, mpaka kiwanda kikafungwa. Kabla ya hapo alilea wadogo zake sita. Alikuwa mrefu, mkavu, hana maneno mengi, na aliposema jambo hakulirudia.

Mbwa alilala chini ya ukuta, uso ameuelekeza langoni. Alikula pale tu Stamena alipompa mgongo. Hakubweka, hakuuma, hakutikisa mkia. Wiki tatu zikapita hivyo. Siku moja Stamena aliona kijibwa cha jirani wa ng'ambo ya barabara kinavutana ndala na bwana wake, kinanguruma na kuruka, na bwana wake anacheka. Alisimama pale na ndoo yake mkononi mpaka mchezo ukaisha. Kuanzia siku hiyo aliamua kwamba Garov naye lazima acheze.

Alianza na mpira. Aliurusha, ukampiga Garov ubavuni, naye akajilaza chini tuli, masikio nyuma, akingoja kipigo cha pili. Stamena aliuokota mpira akautupa kwenye jiko la kuni.

Kisha akashona soksi iliyojazwa matambara, akairusha. Hapo Garov aliinuka. Aliifuata, akaibeba taratibu bila kuitoboa, akaiweka mbele ya miguu ya Stamena, akarudi nyuma hatua mbili, akaketi. Stamena aliirusha tena, ikaletwa tena. Mara ishirini, na uso wa mbwa haukubadilika hata kidogo.

Radoje, jirani aliyekuwa rafiki wa mumewe, alikuwa ameegemea ua anatazama.

"Shemeji, hongera. Umempatia kazi."

"Anacheza."

"Anacheza wapi? Mtazame. Anangoja saa ya kutoka, kama wewe kiwandani."

"Huna pilipili hoho za kuchoma nyumbani kwako?"

"Zinajichoma zenyewe."

Lakini ile habari ya kiwanda ilimwingia Stamena. Kesho yake alimpeleka Garov kwa Vukica, daktari wa mifugo, msichana wa miaka kama thelathini hivi. Vukica alimpapasa mbwa mgongo, akamwangalia meno, akasema hana ugonjwa wowote.

"Mbona basi hachezi?"

"Hajui kama inaruhusiwa, mama. Tangu azaliwe, kila kitu kilichorushwa kilikuwa amri. Acha kumrushia. Usimwite. Cheza wewe mwenyewe, yeye akiwa anakuona. Dakika tano, halafu nenda zako."

"Nicheze nini?"

"Ulichokuwa unacheza utotoni."

Stamena aliizungushia kamba ya mbwa mkononi.

"Sikucheza. Nilikuwa nachunga mbuzi."

"Na watoto wa mbuzi walikuwa wanafanya nini?"

"Wale? Wanarukaruka tu, wapumbavu wale."

"Basi umeshapata."

Asubuhi iliyofuata, saa mbili, mwanamke ambaye vijana wa mtaani walizima sigara wakimwona alisimama katikati ya miti yake ya plamu, amevaa mabuti ya mpira, akainamisha kichwa, akaruka upande. Akaruka tena. Garov alinyanyua shingo. Stamena aliruka mara sita, akashika kiuno, akaingia ndani.

Siku ya pili Radoje alimwona.

"Shemeji, umeshakunywa?"

"Bado. Njoo saa sita."

"Nimwite daktari? Wa watu, namaanisha."

"Ukinicheka, Radoje, rakija ya mwaka huu utainusa kwenye upepo."

Radoje alirudi kwake, kwa sababu rakija ya Stamena, pombe kali aliyoipika kwa plamu zake, ilikuwa nzuri. Ila habari zilizunguka, na kwa siku kadhaa watu walipita njia ile bila kuwa na shughuli yoyote upande huo. Mimi pia nilipita. Aliruka vibaya, kwa uso wa mtu anayepanga matofali, na hakumtazama mpita njia yeyote. Mbwa aliketi chini ya ukuta akifuata kila hatua kwa macho.

Siku ya tisa goti lilimkaza. Alijivuta nyuma ya rundo la kuni akae kidogo apumue. Hakumwita mbwa. Hakuwa hata na nguvu za kumkumbuka. Akasikia pumzi za pua ardhini, zile fupifupi za haraka, zinazunguka mti wa kwanza, zinarudi, zinakuja. Garov alitokeza kichwa kwenye kona ya kuni na kumwona. Wakatazamana.

"Haya, umenipata," Stamena akasema.

Ncha ya mkia ilisogea.

Aliinuka kwa taabu, akachechemea hadi nyuma ya banda la kuku. Garov aliweka pua chini akafuata, safari hii kwa mbio. Mara ya tatu Stamena alijibanza nyuma ya pipa la kuchachushia plamu, amejikunja, mkono mdomoni. Mbwa alifika, lakini hakuketi. Aliteremsha kifua mpaka nyasini, akaacha makalio juu, akatoa sauti ile ndefu ya mbwa wa kuwinda ambayo mtaa haukuwa umeisikia tangu Velimir aondoke. Halafu akamrukia, akanyakua kitambaa chake cha kichwa, akatimua nacho.

Stamena alimkimbiza. Goti au si goti, alimkimbiza kuzunguka kila mti, nywele za mvi zimefumuka, na kila alipokaribia kukishika, mbwa alimponyoka. Radoje alikuja mbio na shoka, akidhani nguruwe mwitu ameingia shambani. Alimkuta Stamena ameukumbatia mplamu, anacheka hadi hawezi kusimama. Aliniambia kwamba katika miaka arobaini ya ujirani hakuwahi kuyaona meno yake ya juu.

Kitambaa hakikurudi kikiwa kizima. Kuanzia hapo walicheza kila asubuhi, naye Garov akaacha kulala akiwa ameelekea lango.

Mwezi wa kumi na moja Tihomir, mwenyekiti wa wawindaji, alisikia kwamba sauti ya Garov imerudi. Alisimamisha gari nje ya ua.

"Mama Stamena, tunamhitaji. Nguruwe wamemaliza mahindi yote kule juu."

"Mlimkataa mwezi wa nane."

"Mwezi wa nane alikuwa amekufa akiwa hai."

Stamena alifungua lango akasimama kando. "Mpigie pembe. Akija, mchukue. Simfungi mimi."

Tihomir alipuliza pembe. Garov alisimama, akatetemeka mwili mzima, akamtazama Stamena, kisha akakimbia akaruka ndani ya gari. Stamena alifunga lango taratibu. Siku hiyo aliosha madirisha yote, ya ndani na ya nje.

Saa kumi jioni gari lilirudi. Mbwa aliteremka ameloa, ana matope hadi masikioni. Tihomir alikuwa kichwa wazi, na baridi ilikuwa kali.

"Amefanya kazi?" Stamena akauliza.

"Amefanya. Amemfukuza dume kubwa hadi mbele ya bunduki, kama zamani. Halafu tumekusanyika kupiga picha, akaninyang'anya kofia. Wanaume kumi na wawili, mama, saa nzima tunamkimbiza mbwa msituni. Mbwa wengine wakamwona, nao wakaanza kunyakua glavu."

"Kofia iko wapi?"

"Mtoni." Alimtazama kwa masikitiko ya kweli. "Umemharibu."

"Huenda," Stamena akasema. "Ngoja nikupe supu."

Tihomir alikunywa supu sahani mbili, akaondoka amefungwa kitambaa cha mwanamke kichwani. Wawindaji hawakuja kumchukua mbwa tena. Garov aliishi miaka minne zaidi, na katika mwaka wa mwisho, miguu ilipomwishia nguvu, Stamena alikuwa anajificha karibukaribu, nyuma ya mlango tu, ili mbwa ampate bila kuinuka mara nyingi.